Bwana Shamba Aliyeazima Unga: Kubana Matumizi Kunaanzia Jikoni



Leo siandiki kuhusu viwavijeshi wala mbolea. Leo naandika kuhusu jiko la nyumbani kwangu, na mnivumilie, maana habari yenyewe inaniaibisha kidogo.

Miaka michache iliyopita, mwezi wa kwanza, nilikuwa natoka kufundisha kikundi cha wakulima namna ya kuhifadhi mahindi yasiliwe na dumuzi. Nimeeleza vizuri, nimepigiwa makofi. Narudi nyumbani hapa Ngokolo, njiani nakutana na jirani yangu, mama mtu mzima anayeuza mboga kule Mitumbani. Tukasalimiana, halafu akashusha sauti ili wapita njia wasisikie:

"Bwana shamba, mwanao alikuja asubuhi kuazima unga. Nimempa bakuli mbili. Sikudai, mwanangu. Nilitaka tu ujue, maana nyie wanaume huwa hamjui."

Ni kweli, nilikuwa sijui. Mimi ninayepita vijijini kuwaambia watu waweke akiba ya chakula, nyumbani kwangu watoto wanatumwa kuazima unga! Tena tulikuwa tumelima. Mwezi wa saba tulivuna mahindi kwenye shamba letu la Old Shinyanga. Yalikwenda wapi?

Swali hilo ndilo lililonifundisha ninayotaka kuwaambia leo. Maoni yangu ni haya: familia nyingi za huku kwetu hazikosi kipato tu. Zinauza kwa jumla na kununua kwa rejareja. Tunauza gunia, tunanunua kilo. Na tofauti ya gunia na kilo ndiyo ada ya shule, ndiyo bati, ndiyo dawa.

Hela ya msimu, tumbo la kila siku

Mkoa wetu wa Shinyanga una msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa nne hivi. Ukishavuna umevuna. Kwa hiyo hela ya mkulima inakuja mara moja: ya pamba, ya mpunga, ya dengu. Kijana wa machimboni naye ni hivyo hivyo. Anakaa Mwakitolyo au Nyarugusu miezi hana kitu, siku mfuko wa mawe ukijibu anashika hela ambayo baba yake hajawahi kuishika. Mwezi mmoja baadaye anaomba nauli ya kurudi shimoni.

Hela inakuja kwa msimu, lakini tumbo linakula kila siku. Hapo ndipo tunapopigwa. Na kwenye miji yenye dhahabu, Kahama, Kakola, Katoro, Geita, hela ya mgodi inapandisha bei hata kwa yule asiyechimba. Mama anayeuza vitumbua analipia nyanya bei ile ile anayolipa mwenye duara.

Mwaka ule mimi niliuza magunia 5 mwezi wa saba kwa sh 55,000 kila moja. Nikapata sh 275,000. Nilijiona mjanja, nikalipa madeni, nikanunua na simu. Kuanzia mwezi wa kwanza hadi mavuno tukanunua kilo kilo, kwa wastani wa sh 1,200. Jumla tulinunua kama kilo 300. Piga hesabu: sh 360,000. Yaani nimeuza magunia matano, nikanunua matatu, na bado nimeongeza hela juu!

Hela hiyo ya kununulia niliitoa wapi? Hapo ndipo penye aibu zaidi. Nilichukua mkopo wa mtaani, hii tunayoiita kausha damu. Nikapewa sh 200,000, nikarudisha sh 280,000 ndani ya mwezi. Mtu mwenye mshahara wa serikali, nakopa kausha damu ninunue mahindi yale yale niliyoyauza. Acheni tu.

Daftari la mama watoto

Siku ile niliyoambiwa na jirani nilifika nyumbani nimekasirika. Nikamuuliza mama watoto kwa ukali, hela ya matumizi inakwenda wapi? Hakubishana. Akasema, "Baba, tuandike. Mwezi mmoja tu. Mimi yangu, na wewe yako."

Tukanunua daftari la sh 500. Kila kilichotoka kiliandikwa, hata njugu za sh 200. Mwisho wa mwezi tukakaa mezani na kusoma. Nawapa machache:

Maandazi na chapati za asubuhi, sh 2,500 kwa siku. Kwa mwezi sh 75,000.

Mkaa wa kopo, sh 2,000 kwa siku. Kwa mwezi sh 60,000. Gunia zima lilikuwa sh 45,000.

Mafuta ya kupima. Tulijaribu kujaza chupa ya lita moja kwa vipimo vya sh 500. Vikaingia 17, yaani sh 8,500. Lita hiyo hiyo dukani siku ile ilikuwa sh 6,500.

Halafu ukaja ukurasa wangu. Chipsi mayai za mchana, soda, vocha, na "kikao" cha Jumamosi na wenzangu: sh 118,000.

Mama watoto alisoma ile jumla, akafunga daftari, akaenda kuchota maji. Hakusema neno. Ningependa angesema.

Ndiyo maana nakerwa ninaposikia wanaume vijiweni wanasema "wanawake hawajui kubajeti". Mama anapewa sh 5,000 asubuhi, anaambiwa watu sita wale mchana na usiku. Hawezi kununua lita ya mafuta wala gunia la mkaa kwa hela hiyo. Tunamlazimisha kununua rejareja, halafu tunamlaumu kwa bei ya rejareja. Kubana matumizi siyo kazi ya mama peke yake. Kama baba hayumo kwenye daftari, daftari hilo ni la mboga tu.

Tunachofanya sasa

Haya siyo ya kitabuni. Ni ya nyumbani kwangu na kwa wakulima ninaowatembelea.

*1. Tunahesabu chakula kabla ya kuuza.* Sisi tunakula kama kilo 2 za unga kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 730. Tukila dona, tunahitaji magunia 7 na kilo 30. Tukila sembe, gunia la kilo 100 linaweza kukuachia kilo 75 hivi, nyingine ni pumba. Hapo tungehitaji karibu magunia 10. Kwa hiyo dona peke yake linatuokolea magunia mawili na nusu. Tunatenga ya kula kwanza, kisha ndiyo tunauza ya ziada.

*2. Tunakausha na kuhifadhi sawasawa.* Dumuzi siyo mgeni kwetu. Aliingia nchini kupitia Tabora, hapo kwa majirani, miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980, na wazee wakampa jina la Scania. Mifuko ya tabaka tatu, wengi mnaijua kwa jina la PICS au kinga njaa, inamuua bila dawa: ndani hewa inaisha, naye anakufa. Lakini mahindi yawe makavu. Kipimo chake hakihitaji mashine. Chukua chupa kavu yenye kifuniko, weka chumvi kavu kidogo na mahindi, tikisa, acha dakika 10 hadi 15. Chumvi ikigandia kwenye chupa, bado yana maji, rudisha juani. Na ukila dona usipuuze hili: punje zenye ukungu chambua utupe. Sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Hakuna akiba yenye thamani ya mtoto.

*3. Asubuhi tunakula vya nyumbani.* Viazi vitamu vya kuchemsha, uji wa mtama wenye karanga zilizosagwa, au michembe na matobolwa. Jamani, mababu zetu Wasukuma hawakuwa wajinga! Kiazi kinaoza ndani ya wiki chache, ila ukikikata na kukianika kibichi unapata michembe, ukikichemsha kwanza unapata matobolwa, na unakula hadi kiangazi kiishe. Leo kijana anaona haya kula michembe mbele ya wageni, anamtuma mtoto chapati. Ukipata mbegu za viazi lishe, kama Kabode au Ejumula, panda. Rangi ile ya chungwa ndiyo vitamini A. Maandazi sasa tunakula Jumapili, na watoto wanayafurahia kuliko zamani.

*4. Mboga za masika tunakula kiangazi.* Majani ya kunde yakiwa mengi, mtaani fungu linauzwa bei ya kutupa. Tunachemsha kidogo, tunaanika kivulini, tunapata nsansa. Mwezi wa tisa, fungu la mchicha likipanda bei, sisi tunaloweka nsansa, tunaunga kwa karanga. Mgagani na mlenda nao wanaota wenyewe. Mboga isiyopandwa siyo mboga ya maskini.

*5. Tuna bustani ya magunia.* Magunia manne ukutani: mchicha, chainizi, figiri na majani ya maboga. Maji yetu ya bomba yanatoka mbali, yanavutwa kutoka Ziwa Victoria pale Ihelele, na tunayalipia kwa yuniti. Kwa hiyo hatumwagi. Maji ya kuoshea mboga na mchele ndiyo yanayonyweshea. Maji yenye sabuni nyingi yanabaki kuoshea sakafu.

*6. Kuku wanachanjwa.* Kuku wa kienyeji ni benki ya mama, lakini kideri akipita benki inafungwa kwa usiku mmoja. Chanjo ya I-2 ni tone moja la jicho kila baada ya miezi 3. Changeni majirani, kichupa kimoja kinatosha kuku wengi, na ukiwachanja wako peke yako bado wa jirani wataeneza ugonjwa. Tukikamua alizeti mashineni, mafuta yanakwenda jikoni na mashudu wanakula kuku.

*7. Moto hauwashwi hadi kila kitu kiko tayari.* Hii niliitoa kwa mama mmoja wa Kizumbi. Vitunguu vimekatwa, mboga imeoshwa, maharage yamelowekwa tangu jana usiku, ndipo kiberiti kinapigwa. Sufuria inafunikwa. Mkaa uliobaki tunauzimia kwenye bati lenye kifuniko, kesho unawaka tena. Maharage tunayachemsha kwa nguvu dakika 20 hadi 30, kisha sufuria nzima inaingia kwenye kapu lililojazwa nguo kuukuu na kufunikwa vizuri. Baada ya saa tatu nne yameiva. Yanarudi motoni yachemke tena, yanaungwa. Gunia la mkaa linatufikisha wiki tano na zaidi. Ila nakuomba, usiingize jiko la mkaa chumbani ili kupata joto, hata usiku mmoja. Hewa yake inaua bila kutoa harufu.

Kwenye umeme nako pana jambo. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania kufikia 2034. Wengi wanasikia "umeme" wanaogopa bili. Lakini jungu la presha la umeme linapika maharage kwa chini ya yuniti moja. Mteja wa daraja la D1, anayetumia yuniti zisizozidi 75 kwa mwezi, analipa sh 100 kwa yuniti kabla ya kodi na tozo. Hakuna kopo la mkaa la bei hiyo. Tatizo ni bei ya jungu lenyewe. Hapo ndipo vikoba vifanye kazi: badala ya kugawana hela ya kula sikukuu, mzunguko mmoja kila mama apate jungu. Chunga tu usivuke zile yuniti 75.

Nalisema hili nikiwa afisa ugani wa Shinyanga. Wazee wanakumbuka nchi hii ilivyokuwa jangwa, hadi mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986 na watu wakarudisha ngitili zao. Miti ile ilichukua miaka kurudi. Kila gunia la mkaa tunalolikwepa linabakiza miti msituni.

Pale ambapo sibani

Kuna watu wakisikia kubana matumizi wanaanza na sahani ya mtoto. Hapana. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Na mikoa mingine yenye watoto waliodumaa ndiyo hiyo inayolima chakula kwa wingi. Kwa hiyo shida siyo shamba tu, ni kinachofika kwenye sahani.

Nyumbani kwetu hatubani yai la mtoto, maziwa, karanga, maharage wala dagaa. Dagaa wa Mwanza tunanunua kwa ndoo wakiwa bei nafuu, tunawakausha tena juani, wengine tunawasaga tunaweka kwenye uji wa mdogo. Hatubani bima wala dawa. Hatubani daftari la shule. Kinachobanwa kwanza ni ule ukurasa wangu. Chipsi mayai siku hizi ni za mwisho wa mwezi, na kwenye kikao nakunywa soda moja naondoka. Wenzangu walinicheka wiki mbili. Wiki ya tatu mmoja akaniuliza lile daftari nilinunua wapi.

"Wewe una mshahara, bwana shamba"

Najua kuna msomaji anasema hivyo, na ana haki. Mtu anayebeba tofali kwa siku na kulipwa jioni atanunuaje gunia? Bodaboda mwenye hesabu ya bosi atatoa wapi sh 45,000 ya mkaa kwa mpigo? Kumwambia mtu huyo "nunua kwa jumla" ni kumdhihaki.

Jibu langu ni watu watatu. Majirani watatu wakichanga sh 15,000 kila mmoja wananunua gunia la mkaa na kugawana kwa ndoo. Kuna akina mama hapa mtaani wanafanya hivyo kwa mchele wa Kahama: mmoja anakwenda mashineni, anarudi na gunia, wanapima pale uani, kila mtu anaona. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba chenyewe hujaa haraka mikono ikiwa mingi. Na kinachookolewa wiki ya kwanza kisiliwe, ndicho mtaji wa gunia la pili.

Wala sisemi kubana matumizi kutafuta umaskini peke yake. Bei ya pamba ikiwa mbovu, mvua ikikata mwezi wa pili, hakuna daftari litakaloleta mahindi. Tutaendelea kudai barabara, pembejeo kwa wakati na soko la haki. Lakini wakati tunadai, tusiwe tunavujisha wenyewe kwa chini. Bandubandu huisha gogo, na gogo letu lilibanduliwa na maandazi, vipimo vya mafuta na soda zangu.

Mwaka uliofuata hatukuuza hata gunia moja hadi mwezi wa pili. Tulikuwa na mawili ya ziada, tukayauza kwa bei ya mwezi wa pili, tukalipa ada bila kukopa kwa mtu. Siku hiyo mama watoto alijaza ndoo ndogo ya unga wa dona, akanipa niipeleke mwenyewe kwa yule mama jirani. Akanipokea mlangoni, akaangalia ndoo, akacheka.

"Bwana shamba," akasema, "bakuli zangu zilikuwa mbili tu."

"Nyingine ni ada ya somo, mama," nikamjibu.

Kazi ya wiki hii ni moja tu. Nunueni daftari la sh 500. Andikeni siku 30, baba ukurasa wake na mama wake, bila kufichana. Msibadilishe kitu kwanza, andikeni tu. Mwisho wa mwezi someni pamoja mkiwa mmeshiba, maana hesabu hii ikisomwa na wenye njaa huzaa ugomvi. Halafu chagueni jambo moja katika yale saba, anzeni nalo.

Atakayekwama kwenye kupima ukavu wa mahindi au kupata chanjo ya kuku, anipitie ofisini kata. Na ukinikuta nakula chipsi mayai katikati ya mwezi, niulize.